Jibu la Kwanza ni la Nani?

Kila kitabu kikubwa cha maarifa kina milango miwili. Mlango wa kwanza ni yaliyomo, yanayomwongoza msomaji kwa utaratibu alioupanga mwandishi. Mlango wa pili ni faharasa, inayomruhusu msomaji kuingia kwa neno alilo nalo yeye mwenyewe. Mtaalamu hupita mlango wowote bila taabu, kwa kuwa anajua akitakacho na jina lake. Mwanafunzi hana bahati hiyo. Yeye huja na haja, wala haji na jina. Na kama faharasa haikumfikiria, atarudi mikono mitupu ingawa jibu lake limo kitabuni.

Makala haya yanahusu faharasa ya namna ya pekee, nayo ni ile itumiwayo kutafutia maelezo katika miongozo ya lugha za programu, yaani lugha ambazo kwazo binadamu huiandikia kompyuta maagizo. Ukiandika neno katika kisanduku cha kutafutia, kompyuta hukuletea orodha ya kurasa. Wengi wetu huitazama orodha hiyo kana kwamba imejipanga yenyewe. Sivyo hata kidogo. Ipo kanuni iliyoamua ukurasa upi uwe wa kwanza na upi uwe wa 40, na kanuni hiyo iliandikwa na mtu aliyekuwa na msomaji fulani mawazoni. Hoja yangu ni kwamba msomaji huyo hakuwa mwanafunzi wa Singida. Na kwamba walimu na wanafunzi wa Singida wanao uwezo, na kwa hiyo wanao wajibu, wa kuirekebisha kanuni hiyo.

Utafutaji usiohitaji mtandao

Tuchukue mfano wa Python, lugha ya programu iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Mwongozo wake rasmi hutolewa bure. Waweza kupakuliwa wote kwa mara moja, ukatiwa katika flashi, na kuhamishiwa kompyuta nyingine yoyote. Mwalimu aliyeupakua mjini Singida aweza kuupeleka Ndago, Nduguti au Itigi, na huko ukasomwa bila ya mtandao wala gharama ya bando.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba hata utafutaji wenyewe husafiri pamoja na mwongozo huo. Katika mitambo mikubwa ya kutafutia habari, neno uliloandika husafirishwa hadi kwenye kompyuta kubwa ya mbali, iitwayo seva, nayo ndiyo ichaguayo majibu na kuyarudisha. Katika mwongozo wa Python mambo ni tofauti. Faharasa nzima imo ndani ya faili moja, na maagizo ya kuisoma na kuyapanga majibu yamo ndani ya faili jingine. Kazi yote hufanywa na kivinjari, yaani programu ileile inayokuonyesha kurasa, ndani ya kompyuta iliyo mbele yako. Hakuna seva inayoulizwa.

Kwa shule ya vijijini faida yake ni kubwa. Lakini yafaa tuitazame pia hasara ya majibu yaliyopangwa vibaya. Kipindi kimoja cha sekondari huchukua dakika 40. Kama wanafunzi wanne wanashirikiana kompyuta moja, kila mmoja ana dakika 10. Mwanafunzi akipewa orodha ya kurasa 60, na ukurasa unaomfaa ukawa wa 15, dakika zake 10 zitakwisha akiwa bado anafungua kurasa zisizomhusu. Wala hatasema kwamba kanuni ya upangaji ina kasoro. Atasema kwamba kompyuta ni ngumu, au kwamba yeye hana akili ya kompyuta. Kasoro ya faharasa hugeuka kuwa hukumu juu ya mtoto.

Namna alama zinavyotolewa

Mwongozo wa Python hutengenezwa kwa programu iitwayo Sphinx, iliyoandikwa na Georg Brandl na kutolewa mwaka 2008. Programu hiyohiyo hutumika kutengenezea miongozo ya vifaa vingine vingi vya kompyuta, na kwa sababu hiyo kuielewa kanuni yake kuna manufaa mapana.

Kanuni yenyewe ni ya kutoa alama, kama mwalimu asahihishavyo mtihani. Kwa miaka mingi alama za msingi zimekuwa hizi. Neno la mtafutaji likilingana kabisa na neno lililo katika kichwa cha ukurasa, ukurasa hupata alama 15. Likiwa ni sehemu tu ya neno la kichwani, alama 7. Likipatikana ndani ya maelezo ya kawaida, alama 5. Na likiwa sehemu tu ya neno la maelezo, alama 2. Majina ya amri za lugha yenyewe yana hesabu yake: jina likilingana kabisa hupata alama 11, likilingana kwa sehemu alama 6, kisha huongezwa alama 5 kwa kuwa ni jina la amri. Kurasa zikipata alama sawa, hupangwa kwa alfabeti.

Hebu sasa tuijaribu kanuni hiyo. Mwanafunzi anataka kufungua faili la matokeo ya mtihani ili programu yake ikokotoe wastani. Amesikia kwamba amri ya kufungulia inaitwa "open". Anaandika neno hilo. Python ina amri ya kawaida iitwayo "open", ambayo ndiyo anayoihitaji. Lakini ina pia "bz2.open", "gzip.open" na "lzma.open", ambazo hufungua mafaili yaliyobanwa kwa njia mbalimbali, ina "dbm.open" ya hifadhi za data, "wave.open" ya sauti, "webbrowser.open" ya kufungulia kurasa za mtandao, na nyingine kadhaa. Kanuni huzingatia sehemu ya mwisho ya jina, iliyo baada ya nukta. Kwa hiyo amri zote hizo hupata alama sawa, yaani 11 kujumlisha 5, jumla 16. Kinachobaki kuziamua ni alfabeti. Herufi "b", "d", "g" na "l" hutangulia "o". Basi "bz2.open", ambayo huenda mwanafunzi wa kidato cha tatu asiihitaji maisha yake yote, hupewa nafasi mbele ya "open" anayoihitaji leo.

Ni kama mgeni afikaye Singida mjini akauliza njia ya kwenda ziwani, naye aliyeulizwa akamtajia maziwa kwa alfabeti: Kindai, kisha Kitangiri, kisha Singida. Ziwa Kitangiri liko mbali, huko Iramba. Hakuna uongo katika jibu hilo, wala hakuna msaada. Mwenyeji mwema hufikiri kwanza: huyu anayeniuliza ni nani, amesimama wapi, na kwa kawaida watu wa namna yake hutafuta nini?

Kasoro ya pili ni ya hesabu. Faharasa ya Sphinx huweka kumbukumbu kwamba neno fulani limo katika ukurasa fulani, lakini haiweki idadi ya mara lilizotajwa. Ukurasa uliolitaja neno mara moja kwa kupitia tu, na ukurasa uliolieleza kwa marefu na kulitaja mara 50, hupata alama 5 kila mmoja. Faharasa inakuwa nyepesi, lakini kipimo cha uzito wa maelezo kinapotea.

Wala elimu ya kuliondoa tatizo hili si ngeni. Mwaka 1972 mtaalamu wa Uingereza, Karen Spärck Jones, alichapisha hoja ambayo hadi leo ni nguzo ya elimu ya utafutaji. Alionyesha kwamba neno linalopatikana katika kurasa chache hutofautisha kurasa vizuri zaidi kuliko neno lililoenea kila mahali, na hivyo lastahili uzito mkubwa zaidi. Mwanafunzi akitafuta maneno mawili, moja likiwa limo katika kurasa 400 na jingine katika kurasa 6, ni dhahiri kwamba lile la kurasa 6 ndilo linalobeba kusudi lake. Kanuni inayoyapa maneno hayo mawili uzito mmoja huitupa habari ambayo mwanafunzi amekwisha kuitoa.

Kiswahili hugeukia mbele

Hayo ni matatizo ya kila mtafutaji, awe Singida au Amsterdam. Lipo tatizo jingine ambalo ni letu hasa.

Mwaka 1980 Martin Porter wa Cambridge alichapisha kanuni mashuhuri ya kuyapunguza maneno ya Kiingereza hadi kwenye mashina yake. Kanuni hiyo hukata mwisho wa neno, kwa kuwa Kiingereza hubadilisha maneno yake hasa mwishoni. Kwa njia hiyo mtafutaji aandikaye neno katika wingi huletewa pia kurasa zenye neno hilo katika umoja. Kanuni za namna hiyo zimetengenezwa kwa lugha nyingine pia, na Sphinx ina orodha ya lugha inazozitambua: Kifini kimo, Kihungari kimo, Kituruki kimo, Kijapani kimo. Kiswahili hakimo.

Hata kama tungeazima kanuni ya Kiingereza, isingetufaa. Mwanafunzi wa Singida ameujua ukweli huu kabla ya kufundishwa sarufi. Watu ni Wanyaturu. Mmoja wao ni Mnyaturu. Lugha yao ni Kinyaturu. Nchi yao ni Unyaturu. Maneno manne, shina moja, na mageuzi yote yako mbele. Katika faharasa ya alfabeti maneno hayo ndugu hutawanywa chini ya W, M, K na U. Ndivyo ilivyo pia kwa "andika", "ameandika", "huandikwa", "mwandishi" na "maandishi". Mashine iliyofunzwa kukata mwisho wa neno huyaona hayo kuwa maneno matano yasiyojuana.

Watunga kamusi wetu walikutana na tatizo hili kabla ya kompyuta. Katika kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939, maneno mengi yaliyozaliwa na kitenzi yamewekwa chini ya kitenzi hicho, ili ukoo wa neno ukae pamoja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotayarishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na kutolewa mwaka 1981, ilifuata njia ya kuyaorodhesha maneno kwa alfabeti kama yanavyosemwa. Njia ya kwanza humpendeza anayejua shina. Ya pili humsaidia aliye na neno tu. Hakuna iliyo sahihi kuliko nyingine kwa watu wote. Kila moja ni uamuzi kuhusu msomaji ni nani, kama ilivyo kanuni ya kupanga majibu ndani ya kompyuta.

Mtu aweza kudhani kwamba dawa ni kukata viambishi awali vyote. La hasha! Ukikata "ki" katika "kijiji" utabaki na "jiji", na kila mkazi wa Mgori ajua tofauti ya viwili hivyo. Ukikata "wa" katika "wakati" utapata "kati". Ukikata "u" katika "ubao" utapata "bao". Kukata ovyo huunganisha maneno yasiyo na udugu, na utafutaji huwa mbaya kuliko kabla. Hapana budi kanuni iwe na orodha ya mashina ya kweli ya kuilinganishia. Kazi ya namna hiyo imefanywa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza kuishughulikia sarufi ya Kiswahili kwa kompyuta mwaka 1985. Alitumia mbinu iliyobuniwa na Mfini mwenzake, Kimmo Koskenniemi, mwaka 1983, na alichapisha maelezo ya uchambuzi wake mwaka 1992. Basi hatuwezi kusema kwamba Kiswahili hakiwezekani. Kimekwisha wezekana, kilichobaki ni kukifikisha katika kisanduku kidogo cha kutafutia kilicho mbele ya mwanafunzi.

Lipo pia jambo la tahajia, na hapa lugha yetu inatusaidia. Mwaka 1965 mtaalamu wa Urusi, Vladimir Levenshtein, alieleza kipimo cha umbali baina ya maneno mawili: ni idadi ndogo kabisa ya herufi zinazopaswa kuongezwa, kufutwa au kubadilishwa ili neno moja liwe jingine. Mwanafunzi akiandika "prnt" badala ya "print", umbali ni 1. Sasa tazama tabia ya Kiswahili ya kuyapa maneno ya kigeni irabu ya mwisho. Anayeandika "listi" yuko umbali wa 1 tu kutoka "list". Anayeandika "stringi" yuko umbali wa 1 kutoka "string". Anayeandika "moduli" yuko umbali wa 1 kutoka "module". Utafutaji wa mwongozo wa lugha ya Rust, ambao nao hufanyika ndani ya kivinjari, hukitumia kipimo cha umbali wa herufi na hivyo humsamehe aliyekosea kidogo. Utafutaji wa Sphinx haujui msamaha huo. Kuuongeza si kazi ya miaka. Kanuni yenyewe yaweza kuandikwa katika mistari isiyozidi 30.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo matatu, na yote yawezekana katika shule yenye kompyuta moja.

La kwanza ni jedwali la maneno. Walimu na wanafunzi waorodheshe maneno ya Kiswahili wayatumiayo wenyewe wanapozungumza darasani, na mbele ya kila neno waandike jina la amri inayohusika. "Fungua faili" iende kwa "open". "Urefu" na "idadi" ziende kwa "len". "Panga" iende kwa "sorted". "Onyesha" iende kwa "print". "Rudia" iende kwa "for" na "while". Jedwali la maneno 200 litagusa sehemu kubwa ya mahitaji ya anayeanza. Kwa kuwa maagizo ya utafutaji ni maandishi yaliyomo ndani ya kompyuta ya shule, na leseni ya mwongozo wa Python yaruhusu kunakili na kurekebisha, jedwali hilo laweza kuunganishwa nayo bila kumwomba mtu ruhusa. Hata tatizo la viambishi hupungua kwa njia hii, kwa maana jedwali laweza kuwa na "panga", "kupanga", "nipange" na "mpangilio" pamoja, wakati tukingoja kanuni kamili ya mashina.

La pili ni kubadili alama. Tumeona kwamba "open" hushindwa na alfabeti. Sheria moja ndogo yatosha: jina lote likilingana na neno la mtafutaji, lipewe alama zaidi kuliko jina ambalo ni sehemu yake ya mwisho tu iliyolingana. Sphinx yenyewe imeacha nafasi kwa mtumiaji kuweka faili lake la alama badala ya lile la kawaida. Mwanafunzi wa kidato cha nne ajuaye kujumlisha aweza kuielewa hesabu hii, na akiielewa atakuwa amejifunza jinsi mitambo mikubwa ya dunia inavyoamua nini aonyeshwe na nini afichwe.

La tatu, ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote, ni kupima. Katika miaka ya 1960 Cyril Cleverdon, mkutubi wa chuo cha Cranfield huko Uingereza, alizipima njia za kutengeneza faharasa kwa kutumia maandiko 1,400 na maswali 225, ambayo majibu yake yalikwisha amuliwa na watu. Mpaka wakati huo wataalamu walibishana kwa maneno. Tangu hapo walianza kubishana kwa takwimu. Nasi tufanye vivyo hivyo. Darasa likusanye maswali 50 ya kweli, kwa maneno yaleyale ya wanafunzi. Mwalimu aamue ukurasa ulio jibu sahihi la kila swali. Kisha kila swali litafutwe, na iandikwe nafasi ambayo ukurasa huo umeshika.

Hesabu yake ni nyepesi, nayo ilitumiwa katika mashindano ya kimataifa ya utafutaji mwaka 1999. Jibu likiwa la kwanza, swali hupata 1, likiwa la pili, nusu, likiwa la nne, robo, na kuendelea. Kisha hutafutwa wastani. Tuseme, kwa mfano tu, maswali matano yamepata nafasi ya 1, 2, 4, 1 na 10. Jumla ni 1 + 0.5 + 0.25 + 1 + 0.1, yaani 2.85, wastani ni 0.57. Baada ya marekebisho nafasi zikawa 1, 1, 2, 1 na 4. Jumla ni 3.75 na wastani ni 0.75. Sasa darasa lina ushahidi. Na kama wastani umeshuka, hilo nalo ni fundisho: marekebisho yaliyoonekana mazuri kwa macho yameharibu mahali pengine.

Majibu kwa wenye mashaka

Najua yatakuwepo mashaka. Wapo watakaosema kwamba siku hizi kuna programu zinazojibu maswali kwa lugha ya kawaida, hivyo faharasa imepitwa na wakati. Programu hizo zina manufaa, lakini nyingi huhitaji mtandao, nazo huweza kutunga jibu lisilo la kweli kwa sauti ileile ya uhakika. Mwongozo rasmi hauna tabia hiyo. Hata anayezitumia programu hizo hana budi kujua mahali pa kwenda kuthibitisha alichoambiwa, na mahali hapo hufikiwa kwa kutafuta.

Wengine watasema kwamba masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na kwamba kumwekea mwanafunzi maneno ya Kiswahili ni kumdekeza. Hoja hii yastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa huletwa na walimu wenye nia njema. Jedwali nililolipendekeza halibadilishi lugha ya kurasa. Mwanafunzi aandikaye "fungua faili" atafikishwa kwenye ukurasa wa "open", ambao umeandikwa kwa Kiingereza, naye atausoma kwa Kiingereza. Asiyefika kwenye ukurasa huo hatajifunza Kiingereza chake wala programu yake. Neno la Kiswahili ni ufunguo wa mlango. Aliyeingia ndani atakutana na lugha iliyomo humo.

Wapo pia watakaosema kwamba kazi hii ni ya wataalamu wa vyuo vikuu. Ni kweli kwamba kanuni kamili ya mashina ya Kiswahili yahitaji wanaisimu na wahandisi. Lakini mtaalamu aliye mbali hajui ni neno gani mwanafunzi wa Shelui huliandika anapotaka kuzipanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa. Huenda akaandika "panga". Huenda akaandika "mfuatano". Huenda akaandika "ndogo kwenda kubwa". Habari hiyo haimo katika kitabu chochote. Imo katika madaftari na vinywa vya wanafunzi, na mwalimu wa darasa ndiye aliye karibu nayo kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Kwa hiyo natoa wito kwa walimu wa kompyuta, wa hisabati na wa Kiswahili katika shule za Singida, pamoja na wakufunzi wa Chuo cha Ualimu Kinampanda, wasiisubiri faharasa njema iletwe. Mwalimu wa Kiswahili ajua viambishi. Mwalimu wa hisabati ajua wastani. Mwalimu wa kompyuta ajua faili la kubadilishwa liko wapi. Watatu hao wakikaa mezani kwa vipindi vichache wataweza kutoa jedwali la kwanza. Shule ya pili italinakili na kuongeza maneno yake, na ya tatu itasahihisha makosa ya mbili za kwanza. Ikiwa kila shule itatunza maswali yake 50 pamoja na nafasi ya kila jibu, baada ya mwaka mmoja tutakuwa na kipimo cha kweli cha jinsi miongozo hii inavyowahudumia watoto wetu, nasi tutaweza kuwaandikia watengenezaji wa Sphinx tukiwa na takwimu mkononi badala ya malalamiko.

Kazi ianze na karatasi. Muhula ujao, kila mwanafunzi anayeketi mbele ya kompyuta aandike pembeni neno alilolitafuta na nafasi ya jibu lililomfaa. Karatasi hizo zikusanywe kila Ijumaa.